Begi la Maji la Mrija, na Uvundo Tulioufunika kwa Mawaridi



Leo hatuna mshono mpya wa kukuonesheni wala hatuzungumzi singo. Leo tunazungumza begi la maji, lile la kuvaa mgongoni lenye mrija unaokuja mpaka mdomoni. Wengi wenu mnalo, na baadhi yenu mmelinunua kwetu. Tunakuombeni mtusome mpaka mwisho, kwani ndani yake mna habari ya namna ya kulisafisha na mna habari yetu sisi wenyewe, na hizi mbili tumeshindwa kuzitenganisha.

Kwa asiyetujua, sisi ni mawifi wawili. Tuna kiduka njia ya Mwanakwerekwe, cherehani mbili, meza moja ya kukatia na kabati ya kioo. Sote tulimaliza fomu foo, sote matokeo hayakutupeleka mbele, sote tukaingia kozi ya ushoni. Tukisema "sisi" watu huuliza yupi kasema. Leo msiulize, kosa ni la wote.

Haya mabegi yalianza kwa sababu ya kikundi chetu cha mazoezi. Tunatoka baada ya Alfajiri, wanawake watupu, tunatembea mpaka Maisara na kurudi. Wapo waliopewa amri na daktari kwa ajili ya sukari na presha, na wapo mabiharusi watarajiwa ambao gauni lishakatwa na kiuno hakijakubali. Mwaka hadi mwaka wanazidi, na wengine tarehe 1 Januari huungana na vikundi vyengine katika matembezi ya siku ya mazoezi. Sasa kwa mwanamke aliyevaa buibui na nikabu, chupa ya maji ni tabu. Usimame, utafute pembe, ufunue, unywe, ufunike, wenzako washafika mbali. Mrija unapita chini ya ushungi, unakunywa huku unatembea na hakuna anayekuona. Tulipomuona mgeni mmoja kalivaa pale Forodhani tuliangaliana tukacheka, maana sote tuliwaza jambo moja.

Siku chache baadaye tukayakuta Darajani, kwenye mtumba. Mabegi 14 ndani ya rundo moja, yamechakaa nje lakini mifuko ya ndani mizima. Mchuuzi mwenyewe alidhani ni vifaa vya hospitali. Tukamlipa 8,000 kwa kila moja, tukayachukua yote. Juu ya mifuko ile pameandikwa kwa Kiingereza jina ambalo kwa Kiswahili ni kibofu. Tulimwambia mteja wetu wa kwanza, akalirudisha begi mezani taratibu. Tangu siku hiyo tunasema mfuko wa ndani.

Kazi ya nje tuliifanya kwa moyo wetu wote, na hilo hatuoni haya kulisema. Tulifumua maganda ya zamani tukakata mapya kwa kitenge kizito, rangi za kupendeza, zambarau na kijani cha chupa. Bitana tukatia turubai laini, mgongoni sponji ili baridi ya maji isimuume mvaaji, na chini kabisa tukatoboa kitundu cha chuma ili maji yakivuja yapate pa kutokea. Sindano tulitumia nene, namba 16, uzi wa poliesta, na kila pindo tulirudia mara mbili. Mtu angelivuta begi lile kwa nguvu zake zote lisiachie hata uzi mmoja. Bei tuliweka 35,000. Kabla ya Ramadhani ya 2024 tulikuwa tushauza 11.

Sasa mfuko wa ndani. Tulipoufungua mara ya kwanza ulikuwa na harufu. Si uvundo wa kukimbiza mtu, ni ile harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi ikaingia kawa. Mshonaji yeyote anaijua. Tuliosha kwa sabuni ya vyombo, tukasuuza, ikabaki. Mmoja wetu akasema hiyo ni harufu ya plastiki tu. Mwenzake alijua kuwa siyo, akanyamaza. Kisha tukafanya lile ambalo ndilo sababu ya kuandika leo. Tukatia marashi ya mawaridi katika kila mfuko, vijiko viwili viwili, tukatikisa, tukaacha usiku kucha. Asubuhi mifuko yote 14 inanukia kama chumba cha bi harusi. Mrija hatukuuangalia. Una rangi ya buluu iliyokoza, huoni ndani, na sisi hatukutaka kuona.

Ramadhani ilipoingia kikundi kilisimama kutembea, na mabegi yakatundikwa nyuma ya milango, mengine yakiwa na maji yake ndani. Mwezi mzima, na masika yenyewe yameanza, wakati ambao hapa kwetu hata viatu vya ngozi vinaota koga ndani ya kabati. Idi ikapita, matembezi yakarudi, na harusi za mfungo mosi mnazijua zinavyofuatana. Mmoja katika wateja wetu alikuwa bi harusi wa mwezi ule. Alitembea nasi asubuhi tano, kisha somo wake akasema basi, mwari aingie ndani. Siku ya pili ya singo akaanza kutapika na tumbo kumkata.

Alipona, alhamdulillahi, na harusi ilifanyika siku yake. Daktari hakusema ni begi. Lakini mama yake alilichukua lile begi, akaja nalo dukani saa nne asubuhi, tukiwa na wateja wawili. Tulijua mambo yashaharibika tulipoona hakuvua viatu.

"Wanangu," akatwambia, "mimi sikuja kugombana. Nimekuja kukuonesheni."

Akaomba bakuli jeupe. Akageuza mfuko, akabana kile kidomo cha mpira, maji yaliyobaki kwenye mrija yakatoka. Yalikuja na vipande vyeusi vyembamba, kama ngozi ya chai iliyopoa. Vikaelea pale kwenye bakuli. Harufu ya mawaridi bado ilikuwepo kwa mbali, na hiyo ndiyo iliyotuumiza zaidi ya vile vipande.

Akauliza, "Nyie mnaweza kuyanywa haya?"

Hatukuwa na jawabu. Wale wateja wawili waliaga.

Alipoondoka tulichukua begi moja katika matatu yaliyobaki kabatini, ambayo hayajavaliwa na mtu, tukaupasua mrija wake kwa mkasi kwa urefu wake wote. Ndani kote umetanda utando mweusi wenye utelezi. Kwa hiyo haikuwa Ramadhani peke yake wala uvivu wa mteja. Mrija ulikuja hivyo kutoka Darajani, tukauuza hivyo, na mwezi wa kutundikwa nyuma ya mlango ukamalizia.

Tutakuambieni ukweli wa mazungumzo ya siku ile. Ukutani kwetu palikuwa na kibao, kama maduka yote, kimeandikwa bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Mmoja wetu alikiangalia kile kibao akasema, "Mtumba ni mtumba, wifi. Anayenunua mtumba anajua." Na si kwamba ana roho mbaya. Tulikuwa tunaweka pesa za overloki. Anayeshona bila overloki anajua ni nini kumalizia kingo kwa mkono mpaka saa sita za usiku. Mabegi 11 kwa 35,000 ni 385,000, ukizirudisha zote unaanza upya.

Alkhamisi ile ile tulikwenda darsa kama kawaida yetu, na bila kutaja majina tukamuuliza ustadha. Alitukumbusha kisa ambacho tumekisikia tangu chuoni, cha Mtume (S.A.W.) kupita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyorowa juu, watu wakaiona. Tumekisikia kisa hicho mara ngapi? Ila siku ile kila tukikifikiria tulikuwa tunaona bakuli jeupe. Ustadha akaendelea kuwa mnunuzi aliyekuta aibu iliyofichwa katika kitu ana haki ya kukirudisha, kibao kiwepo kisiwepo. Tulirudi nyumbani kimya ndani ya daladala. Asubuhi yake aliyekuwa akikitetea kile kibao ndiye aliyepanda kwenye stuli akakitoa.

Tukaanza kuzunguka. Wengine ni majirani, wengine tuliwafuata Kikwajuni na Mazizini, mmoja alikuwa keshahamia Pemba tukampigia simu. Kila mlango tulisema maneno yale yale: begi tulilokuuzia lina uchafu kwenye mrija na tulikuwa tunajua lina harufu, usilinywee, chagua pesa zako au mfuko mpya. Maneno "tulikuwa tunajua" ndiyo mazito, mlango wa kwanza tuliyameza, ikabidi turudi. Wanne walitaka pesa, zikatutoka 140,000. Saba tuliwapa mifuko mipya pamoja na mirija yake, tuliyoagiza kwa mfanyabiashara wa Kariakoo, 18,000 kila mmoja. Hesabu mtafanya wenyewe, overloki iliahirishwa. Mama wa bi harusi alichukua pesa zake, akazihesabu mbele yetu, akatuombea dua. Ila kwenye duka letu hajarudi.

Yale mabegi matatu yaliyobaki, pamoja na lile lililopasuliwa, ndiyo tuliyojifunzia kusafisha. Kwa sababu tulijiambia hatuuzi tena hata moja mpaka tujue kulitunza, na anayenunua tumfundishe.

Hebu kwanza tukueleze kwa nini kitu hiki kinachafuka upesi kuliko chupa. Mfuko ni laini, kuta zake zinagusana, kwa hiyo hata ukimwaga maji unabaki unyevu katikati ambao hewa haiufikii. Mrija ni mwembamba, kiasi cha kalamu, na maji ya mwisho hubaki mle ndani hayamwagiki. Kidomo ndicho kibaya zaidi, maana kina mate yako. Ongeza joto letu na giza la ndani ya begi, koga ikae ikose nini tena? Na ukitia kitu chenye sukari ndiyo umeilisha kabisa. Tunalisema hili kwa sababu tumeona juisi ya ukwaju mle ndani, na tumeona maziwa. Wapenzi, humo hutiwa maji peke yake. Juisi ina chupa yake.

Baada ya kila matembezi, na tunasema kila, mwaga yaliyobaki. Nyanyua mfuko juu, bana kidomo, uache mrija umwagike wote, kisha puliza kwa mdomo kurudisha matone ya mwisho. Suuza, ning'iniza. Hayo ni mambo ya dakika tatu, unayafanya huku maji ya chai yanachemka.

Mara moja kwa wiki kwa anayetumia kila siku, fanya usafi wa kweli. Chomoa kila kinachochomoka: mrija, kidomo, kifuniko, na ule mpira wa duara wa kwenye kifuniko ambao watu husahau kama unatoka. Chini ya mpira ule ndipo tulipokuta koga ya mwisho baada ya kudhani tumemaliza. Maji yawe ya uvuguvugu ambayo mkono unavumilia. Usitie yanayochemka. Tulimpa mmoja maelekezo kwa simu akasikia "chemsha", mshono wa mfuko ukaachia. Tena mifuko hii haishonwi, imeyeyushwa ikashikana, na ukishaachia hakuna fundi wa kuurudisha, hata sisi.

Sabuni ya vyombo kidogo tu, usugue kwa brashi ya chupa za mtoto yenye mpini mrefu, upite na kwenye ukuta wa katikati. Harufu ikiwepo, tia bekin soda, vijiko viwili vya chai kwa lita moja, tikisa, hakikisha maji yake yamejaa mpaka kwenye mrija kwa kukibana kidomo, uache nusu saa, na ikiwa ni harufu ya zamani acha usiku kucha. Bekin soda, si bekin pauda ya keki, na wala si magadi ya kupikia maharage. Wanaochanganya ni wengi na sisi tulikuwemo. Ndimu nayo nzuri, kamua mbili ndani ya maji, au siki, lakini siku nyengine.

Palipo na koga yenyewe, bekin soda haitoshi. Hapo ni dawa nyeupe ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato, matone machache kwa lita, nusu saa, kisha kusuuza, kusuuza, kusuuza, mpaka harufu yake iishe. Na tafadhali sana: dawa hiyo usiikutanishe na ndimu wala siki. Vikichanganyika vinatoa hewa ya sumu inayobana kifua. Msije mkasema si tuliambiwa vyote vinasafisha.

Baadhi ya madoa meusi hayatoki hata koga ikishakufa, kwa kuwa yameingia ndani ya plastiki. Doa lililobaki bila harufu na bila utelezi si la kukutisha. Lakini ukipitisha kidole ndani pakateleza baada ya yote hayo, au harufu ikarudi siku ya pili, tupa. Mrija kuutupa si hasara kubwa, unauzwa peke yake. Maji ya kusuuzia ya mwisho yawe ya kunywa, yaliyochemshwa yakapoa, maana visima vyetu tunavijua.

Sasa mrija wenyewe, hapa ndipo ushoni ulipotusaidia. Ipo brashi yake maalumu, ndefu na nyembamba, ila sisi hatukuipata. Tukakaa tunauangalia mrija. Kisha mmoja wetu akasema, hii si ni kama kutia lastiki kwenye pindo la suruali? Naam. Lastiki unaifunga kwenye pini, unaisukuma ndani ya pindo mpaka itokee upande wa pili. Pini ya chuma kwenye mrija haifai, itakwaruza, na palipokwaruzwa ndipo uchafu unaposhika. Tukachukua mshipi wa kuvulia, tukafunga ushanga mdogo kwenye ncha, tukauteremsha ndani ya mrija uliosimama wima, ukapita kwa uzito wake. Upande wa pili tukafunga kipande cha pamba safi kilichokunjwa kisigar, kikubwa kidogo kuliko tundu, kimerowa maji ya sabuni. Ukivuta kinatoka na kila kitu. Mara ya kwanza kilitoka cheusi. Mara ya nne kijivu. Mara ya tisa ndipo kilipotoka cheupe, na tulipiga vigelegele wawili peke yetu dukani saa tatu ya usiku. Sasa kila begi tunalouza tunatia mshipi wake na ushanga ndani ya kijaruba kidogo cha kitambaa kile kile.

Kukausha ndiko kunakoshinda watu. Kufunga mfuko mbichi ni bora usingeuosha. Sisi tunaupindua mdomo chini, tunaingiza ule waya wa kupigia mayai ndani ili kuta zisigusane, tunautundika kwenye henga penye upepo. Wengine wanajaza kitambaa cha pamba, nayo sawa, ila ukibadilishe kikirowa. Kivulini, si juani kutwa, kwa sababu jua la kila siku linaifanya plastiki kuwa ya manjano na kukatika. Mrija unausukasuka kama unavyosuka kamba hewani, kisha unautundika wima, si kuukunja. Masika hukauka kwa siku mbili. Mwenye friza anaweza, baada ya kukausha, kuuweka humo mpaka siku ya kuutumia, kwani baridi inazuia koga kuota. Friza zetu zina samaki na zina umeme unaokatika, kwa hiyo ufunge kwenye mfuko safi usije ukanywa maji yenye harufu ya nguru.

Bibi yetu alikuwa na mitungi miwili ya maji barazani. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni kwa ajili ya wageni. Kumbe mmoja hunywewa na mwengine hupumzika: umemwagwa, umesuguliwa kwa makumbi, umeanikwa mdomo wazi, kisha ukafukizwa ubani. Sisi wajukuu ndio tuliokuwa na mikono midogo ya kuingia shingoni mwake, na bibi akiukagua kwa kunusa. Ubani ulikuja mwisho, baada ya kusugua. Sisi tulianza na mawaridi tukaacha kusugua. Kwa hiyo mwenye uwezo anunue mifuko miwili, mmoja uvaliwe, mmoja ukauke.

Mumetuuliza pia habari ya kunywa kwenye mrija, kwani imekuja katika Hadithi sahihi kukatazwa kunywa moja kwa moja kwenye mdomo wa kiriba. Sisi si watu wa kutoa fatwa. Ustadha alitueleza kuwa wanazuoni wengi wameichukulia kuwa ni karaha, si haramu, na miongoni mwa sababu walizotaja ni kuwa mnywaji haoni kilichomo ndani, huenda mna kinachodhuru. Mwenye kutaka hukmu amuulize mwanachuoni anayemuamini. Sisi tulichokichukua ni kuwa tunanunua mirija ya kuonekana ndani, ile ya rangi ya kukoza hatuiagizi tena. Na mrija haushirikiani, hata mama na binti.

Katika wale saba wa mifuko mipya alikuwemo bi mkubwa mmoja, umri wa mama zetu, ambaye alinunua begi lake kwa ajili ya Hijja. Tulipofika kwake alikuwa keshafunga sanduku. Mikono yetu ilikuwa inatetemeka, maana tulijua anakwenda wapi. Alitusikiliza, akatufungulia sanduku, akatupa begi tulibadilishe pale pale ukumbini, kisha akataka afundishwe kuvuta mshipi. Akauvuta mwenyewe mara tatu. Akasema, "Haya, nendeni. Nitakuombeeni Arafa mpate hiyo mashine." Mnakumbuka Hijja ile ya 2024 ilivyokuwa. Joto la Makka lilipita nyuzi 50, na mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki, Allah awarehemu. Kila habari ilipokuja tulikuwa tunalifikiria begi la kijani cha chupa.

Alirudi salama. Alikuja dukani baada ya kumaliza kupokea wageni, ametuletea tende na kichupa cha Zamzam, na begi mgongoni. Mfuko wa ndani ulikuwa mkavu, amejaza leso yake nyeupe ili kuta zisigusane. Akasema anataka jengine kwa ajili ya binti yake anayeolewa, rangi ya zambarau. Tukamtolea, tukamtajia bei, akatia mkono mkobani kutafuta pesa, kisha akausita.

"Fungueni kwanza," akasema. "Ninuse."

Tukamfungulia.